Binti Yangu Ametoboa Ukuta Ili Baba Yake Aonekane

Mume wangu anakufa, na binti yangu ametoboa ukuta wa sebule upande wa barabarani ili wapita njia wamwone akifa.

Mpendwa mshauri, nisamehe nimetanguliza jambo kabla ya salamu, karatasi ya kwanza nilianza vizuri na salamu zote lakini nililia ikalowa ikabidi niitupe, kwa hiyo shikamoo kama umenizidi umri na kama nimekuzidi mimi basi marahaba, naomba unisaidie maana mwenzio nimefika mwisho wa akili zangu.

Mimi ni Mama Wema wa Gungu hapa Kigoma, na jina langu litaje tu redioni, mimi si mtu wa kujifichaficha, ukimwambia bodaboda yeyote akupeleke kwa Mama Wema mwenye geti la bluu anakuleta mpaka mlangoni hata kama ameanza kazi jana. Nyumba hii tumeijenga kwa mawese mimi na mume wangu Elieza, yeye akinunua mafuta kwa wakulima huko Simbo na Mwandiga na kuyauza mjini, mimi nikipika sabuni ya mawese hapa uani, na nakwambia mtaa huu kabla yangu hakuna mtu aliyekuwa na sofa za kona, walikuja kuzikalia kwangu kwanza ndipo wakaenda kutafuta za kwao. Sisemi kwa majivuno, nasema ili uelewe ni sebule ya namna gani iliyobomolewa.

Na huyo Wema, mshauri, sijui nianzie wapi, mtoto ana akili mpaka walimu walikuwa wananiita shuleni kuniuliza nampa chakula gani. Amesomea usanifu wa majengo, yaani yeye ndiye anachora nyumba halafu mafundi wanafuata alichochora, yuko Dodoma, amechora hoteli moja huko ambayo mimi mwenyewe nimeingia nikakaa pale mapokezi nikawaambia wale wasichana kwamba hapa mnapokaa pamechorwa na mtoto niliyemzaa mimi, wakaniletea juisi bure. Kwa hiyo sijaandika kumsema mtoto wangu vibaya. Naandika kwa sababu siongei naye vizuri, na baba yake haongei nami kabisa.

Baba Wema ana kansa ya ini. Hospitali walimhangaikia kwa kadiri yao, mwisho daktari akatuita pembeni akasema kwa upole turudi nyumbani, kilichobaki ni kumtuliza maumivu asiteseke, na nesi anakuja kumwona na kutuletea ile dawa ya maji ya maumivu makali. Mimi nikamwandalia mgonjwa wangu chumba cha nyuma, ndivyo tunavyofanya, mgonjwa aliyezidiwa anawekwa ndani atulie, asipigwe na upepo, asiangaliwe na kila mtu. Nikamnunulia godoro nene laini ambalo hata mimi sijawahi kulilalia, blanketi la manyoya, pazia zito, na shuka ninabadilisha mimi kwa mikono yangu, hajawahi kulala kwenye uchafu hata mara moja, muulize yeyote.

Wema akaja. Nilidhani ataingia alie kama watoto wengine wanavyolia. Hakulia. Alimwomba baba yake asogee kidogo, akavua viatu akapanda kitandani, akalala chali pembeni yake, wakawa wametazama juu wote wawili mpaka nikaanza kupika mchana, mimi nikapita mlangoni mara kadhaa nikawaza mtoto amechanganyikiwa kwa uchungu. Alipotoka akaniuliza, mama, umewahi kulala pale ukaangalia anachoangalia baba? Nikamwambia we mtoto una adabu kweli, mimi si ndiye ninalala pale kila siku ya Mungu. Akasema, "Unalala umefumba macho, mama. Yeye hayafumbi."

Ndipo akaanza kunieleza mambo ambayo nilikaa humo miezi yote sikuyaona. Kwamba balbu imening'inia sawasawa na macho ya mgonjwa, tukiwasha ni kama tunammulika mwizi. Kwamba hana cha kutazama ila lile doa la mvua kwenye silingibodi. Kwamba mlango uko nyuma ya kichwa chake, anasikia miguu inaingia hajui ni nani mpaka aguswe. Kwamba godoro langu laini linammeza, hawezi kujigeuza, anangoja mtu aje amgeuze kama ndizi kwenye mafuta. Na kwamba dirisha linapakana na jiko langu la uani, harufu ya mawese inaingia yote, na mawese hayo yaliyotupa maisha sasa yanamtibua tumbo, ila aliona aibu kuniambia mimi kwa sababu najisifia mapishi yangu. Hilo la mwisho liliniuma, mshauri, nikatoka nikakaa uani peke yangu.

Basi Wema akachora. Kwanza alichora kitanda kitazame ziwa, maana kwenye kona ya nyumba yetu ukisimama vizuri unaona kipande cha Tanganyika katikati ya mabati, akasema hapo baba atapata upepo na utulivu. Akampelekea karatasi. Baba Wema akaiangalia sana, halafu akacheka, kicheko chenyewe sasa kimekuwa kama kikohozi, akasema, "Ziwa limewahi kunisalimia lini? Nigeuzie barabarani."

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Sofa zangu zikatolewa barazani zikafunikwa turubai. Kitanda kikahamia sebuleni. Fundi Bonifasi akaja akatoboa ukuta wa mbele, dirisha likakatwa chini chini, usawa wa kitanda, si usawa wa mtu aliyesimama, mpaka likaonekana kama dirisha la kuuzia vocha, na kijana mmoja alisimama akaniuliza mama hiyo fremu ya duka unapangisha. Kitanda kikanyanyuliwa kwa magogo ili nisivunjike mgongo nikimwogesha. Kamba ikafungwa kwenye boriti na kishikio cha mti mwishoni, anashika anajivuta mwenyewe akae. Balbu ikahamishiwa nyuma ya kichwa ikavalishwa kikapu, mwanga ukawa wa kupoa. Vikatengenezwa vigoda vifupi, Wema akasema mgeni akikaa pale macho yake na ya baba yanakuwa sawa, mtu asimsimamie juu kama anatazama kaburi. Ile shughuli ya haja nayo ikawekewa kiti chake pembeni na pazia lake. Na dirishani akaweka pazia jepesi lenye uzi, na ule uzi akaufikisha mpaka kitandani, akauweka kwenye kiganja cha baba yake, akamwambia ukiwataka watu unavuta, ukiwachoka unaachia.

Sitadanganya, alifurahi. Watu wakawa wanapita asubuhi kwenda sokoni, wanamsalimia kwa Kiha, mwakeye Mzee, naye anaitika kwa kile kisauti chake, anamtania bodaboda kwamba tairi yako imeisha kama mimi, akawa anakunywa uji anamaliza, na nesi alipokuja akasema namna hii hatuna haja ya kuongeza dawa kwa sasa. Hayo yote nayakubali.

Lakini mshauri, yeye anawaona wao, na wao wanamwona yeye. Baba Wema alikuwa mtu wa kubeba dumu la mawese kila mkono anapanda nalo kwenye lori huku anaimba. Sasa mabega yamechongoka kama henga ya nguo, macho yamekuwa ya njano. Watoto wa shule wanasimama wanamkodolea. Jirani yangu Shadia, ambaye kila neno la sokoni lazima alifikishe kwangu lingali la moto, akaja kuniambia wanasema Mama Wema amemtundika mumewe dirishani kama nguo za mtumba. Halafu akaja shemeji yangu Nikodemu kutoka Kasulu, ndiye msemaji wa ndugu zake, hata maji hakunywa, akasimama katikati ya ile sebule akasema, "Shemeji, kaka yangu anapumua na nyinyi mmeshaanza kubomoa nyumba yake?" Akasema kutoboa ukuta kwenye nyumba yenye mgonjwa ni kumfungulia njia aondoke, na kwamba ndugu hawawezi kuja kukuta aibu hii, niite fundi azibe, mgonjwa arudi ndani, ndipo watu waitwe. Na ndugu kweli wanapiga simu, wa Kasulu, wa Uvinza, na wale wa upande wangu wa Buzebazeba, wanauliza tuje lini kumwona, mimi nawajibu nitawaambia, nitawaambia, kwa sababu nitawakalisha wapi, sebule ina kitanda na kiti cha haja, sofa ziko nje kama za mtu aliyefukuzwa na mwenye nyumba.

Sasa sikia nilichofanya. Wema alikwenda mjini kutafuta bawaba za dirisha. Nikachukua lile blanketi la manyoya nikalipigilia misumari kwa nje, dirisha zima, nikamwambia Baba Wema upepo wa ziwa leo mkali. Alivuta ule uzi, pazia likafunguka, na mbele yake kuna blanketi. Mchana huo akaja Hamdani, rafiki yake wa Ujiji, wameuza mawese pamoja tangu hatujaoana, ameshika migebuka wawili kwenye kamba, anapiga hodi kwa kelele zake zile kama yuko mwaloni kwenye mitumbwi ya wavuvi. Nikatoka nikamzuia barazani nikamwambia amelala. Akasema basi mwambie nilipita, akaniachia samaki, akaondoka kwa miguu, nikamwona anageuka geuka kuangalia lile blanketi. Nikaingia ndani. Baba Wema alikuwa macho wazi, amesikia kila kitu, akaniuliza taratibu bila hasira,

"Mama Wema, kwani mmeshanizika?"

Tangu hapo amegeukia ukuta wa ndani. Uji anakunywa vijiko viwili anafunga mdomo. Ule uzi ameuachia umeanguka sakafuni. Wema aliporudi hakunifokea, afadhali angenifokea, alisema tu kwamba ule uzi ndicho kitu pekee baba alichobaki akikiamua mwenyewe, na kwamba blanketi yeye haligusi, nililolipigilia nilitoe mwenyewe, toka siku hiyo ananijibu ndiyo mama, hapana mama, kama vile mimi ni mgeni wa hotelini kwake.

Mshauri, mimi simchukii mume wangu, Mungu ananiona. Nataka watu wamkumbuke alivyokuwa amejaa. Je, niite fundi azibe ukuta, nimrudishe ndani nimstahi, niite ndugu waje nyumba ikiwa nyumba? Au nimwache hapo kila mtu amwone anavyokwisha? Niambie la kufanya na nitafanya, namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi, Mama Wema, Gungu.

JIBU LA BI MARIANA

Mama Wema, salamu zako zote mbili nimezipokea na nimechukua ile shikamoo, marahaba, nina wajukuu. Pole sana. Mtu aliyeogesha mgonjwa kwa miezi bila kumlaza kwenye uchafu hata siku moja hahitaji kuapa kwangu kwamba anampenda. Naamini.

Sasa nikuseme. Umeniruhusu nitaje jina lako, mtaa wako na rangi ya geti lako, mumeo ukampigilia blanketi kwa misumari. Unasema unamstahi. Mtu mzima mwenye akili zake timamu alikuambia anataka nini, kwa mdomo wake, nigeuzie barabarani. Wewe ukaamua kwamba hajui anachotaka kwa sababu mabega yamechongoka. Aibu ni yako, mama, usimvishe yeye. Yeye alikuwa anatania bodaboda.

Unataka wamkumbuke akiwa amejaa. Watamkumbuka, dumu kila mkono, hilo hakuna dirisha litakaloliondoa. Lakini Hamdani amerudi Ujiji akikumbuka blanketi. Hebu fikiria kama lile ndilo la mwisho.

Shemeji yako Nikodemu usigombane naye, ni mtu anayefiwa na kaka na hajui aweke wapi mikono yake. Ila mwambie hivi: waliofia vyumba vya nyuma, madirisha yamefungwa, nao waliondoka. Ini ndilo linalomtoa kaka yake, si Bonifasi. Na umwambie pia kwamba tunawajua sana ndugu wa namna hii, tuko hivyo sote. Mtu akishazikwa tunafunga turubai barabara nzima, tunakodi viti, tunapika kwa masufuria makubwa, kila mmoja anasimama kumsifia marehemu, na wa kumsifia hayupo kusikia. Akifika tena asisimame katikati ya sebule kutoa hukumu. Mkalishe kwenye kile kigoda kifupi, amtazame kaka yake machoni, halafu wewe toka uwaachie nafasi.

Yule kijana wa fremu akirudi, mwambie ina mpangaji.

Wema mwanangu, najua unanisikiliza, nawe una lako. Kazi uliyoifanya ni ya mtu aliyelala chali akafikiri, nakupongeza. Lakini nimesoma mchoro wako wote kama mama yako alivyouandika, kitanda, kamba, kikapu, kigoda cha mgeni, na sijaona mahali Mama Wema anapokaa. Mgeni ana kigoda, mke hana kitu. Amekesha naye miezi, umetoa sofa zake nje, na sasa unamjibu kama mteja. Rudisha sofa moja ndani, ya mtu mmoja, iwe upande ule ambao baba akigeuza shingo anamwona yeye kwanza kabla ya barabara. Na uache hiyo ndiyo mama, hapana mama. Hamtakuwa na muda mrefu wa kuwa watatu.

Mama Wema, ya kufanya ni haya. Ukuta hauzibwi. Ukizima redio hii, chukua nyundo ung'oe ile misumari wewe mwenyewe, mbele ya mumeo, usimtume mtu. Okota ule uzi sakafuni umrudishie mkononi. Usimwambie habari ya upepo, mwambie ukweli, nilikuwa naona aibu, mume wangu. Ameishi nawe miaka mingi, atakuelewa kabla hujamaliza. Kisha panda pale ulale chali kama mwanao alivyofanya, macho wazi. Jiko la mawese lihamie kona nyingine ya ua. Ongea na nesi akupangie dawa vizuri siku ya wageni ili maumivu yasimkute katikati ya maongezi. Wageni wakae barazani kwenye hizo sofa zako maarufu, waingie kwake wawili wawili, na pazia likifungwa hakuna wa kuuliza kwa nini limefungwa. Watoto wa shule wanaokodoa macho wafundishe kusema shikamoo. Hawana ubaya, hawajawahi kufundishwa mgonjwa anasalimiwaje.

Imebaki hiyo siku unayowazungusha ndugu. Kabla ya kusoma barua hii hewani nilipiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha, nihakikishe kweli jina litajwe. Ulikuwa bombani, akapokea Wema. Nikamwomba ampe simu baba yake, maana haya ni mambo yake na katika barua yote nimeona mmoja tu aliyemuuliza. Sauti ni ndogo, lakini akili iko kamili. Kwanza alitaka kujua kwetu ni wapi, na kama mawese ya huko yana rangi au yamechanganywa. Nikamweleza kwamba umeniandikia, nikamsomea kidogo. Akasema nisikuseme sana. Nimejitahidi.

Nikamuuliza, Mzee, jina lako nilitaje? Akasema litaje. Nikamuuliza watu waje wakati gani, nikapendekeza niseme waje wakati wowote. Akakataa. Alisema watu wakiambiwa wakati wowote hawaji. Akapumua kidogo, akataja siku yeye mwenyewe.

Basi wa Kasulu, wa Uvinza, wa Buzebazeba, Hamdani wa Ujiji, na yeyote aliyewahi kununua mawese kwa Elieza, mmesikia. Msimletee chakula, mleteeni habari. Ni Jumapili hii, watu wakitoka kanisani.